Salme na Vijineno Vitatu

Mwaka 1844 una mambo mawili ambayo hayana budi kusomwa pamoja. Mwezi wa Januari, mmisionari wa Kijerumani Johann Ludwig Krapf alishuka Unguja, kisha akaenda kukaa Mombasa na kujifunza Kiswahili. Mwezi wa Agosti, katika jumba la Mtoni, alizaliwa Salme binti Said bin Sultan, ambaye mama yake alikuwa Mcherkesi. Krapf aliijia lugha yetu, na Salme akaja kuifuata lugha ya Krapf. Yule alitoa sarufi ya Kiswahili mjini Tübingen mwaka 1850, baada ya kupambana na ngeli zetu. Huyu alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, baada ya kupambana na ngeli zao. Nataka tuyatazame mapambano haya ya pili, maana nami nimeyaonja, nikiwa sina mwalimu ila kitabu kikuukuu cha sarufi na taa.

Salme hakuwa mgeni wa kujifundisha. Ameeleza mwenyewe kwamba alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani kuandika hakukuhesabiwa kuwa jambo la binti. Mwaka 1866 aliondoka Unguja; mwaka 1867 aliolewa Aden na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akabatizwa na kuitwa Emily. Alifika Hamburg hajatimiza miaka 23. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu ya farasi, akamwacha na watoto watatu wadogo. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Mjane wa Kizanzibari katika mji ule alionekana kabla hajafungua kinywa, na akikifungua, kijineno kimoja tu kilitosha kumtambulisha tena.

Vijineno vyenyewe ni vitatu: *der*, *die*, *das*. Kila nomino ya Kijerumani ni ya kiume, au ya kike, au si ya kiume wala ya kike, na kijineno kinachoitangulia ndicho kinachoshuhudia. Mezani tu, kijiko ni *der Löffel*, uma ni *die Gabel*, kisu ni *das Messer*. Aliyezoea Kiswahili hashangai kwamba nomino zina makundi. Hushangaa kwamba kundi halionekani. Sisi, mara nyingi, ngeli imekaa mlangoni mwa neno: tukisikia *kisu* tunajua kitakuwa *kikali*. *Messer* haijisemei kitu. Isitoshe, kijineno hubadilika kwa kazi ya nomino katika sentensi, hata *der* ya mtendaji ikawa *den*, *dem* au *des*. Katika wingi, jinsia zote tatu huingia chini ya *die*.

Hata hivyo Salme alikuwa na akiba. Kiarabu nacho kina kiume na kike, na katika Kiarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume. Kijerumani ni vivyo hivyo: *die Sonne*, *der Mond*. Mfaransa akifika Ujerumani hulazimika kuligeuza anga lake zima, kwa kuwa kwao jua ni la kiume na mwezi ni wa kike. Mzanzibari mwenye Kiarabu hulikuta lilivyo.

Msichana, *das Mädchen*, huwachekesha wanafunzi wote: vipi msichana asiwe wa kike? Lakini jibu lipo kwetu. Kiambishi *-chen* ni cha kudogosha, na kila kinachodogoshwa nacho huingia kundi la tatu. Nasi tukimdogosha mtoto, twasema *kitoto kimelala*, wala hapana anayedai kwamba tumemvua utu wake.

Wajerumani wenyewe walihojiana juu ya asili ya jambo hili. Jacob Grimm, katika juzuu ya tatu ya sarufi yake, mwaka 1831, alidai kwamba ubunifu wa watu wa kale ulivipa vitu jinsia: vikubwa na vigumu vikawa vya kiume, vidogo na laini vya kike. Kuelekea mwisho wa karne, Karl Brugmann alimpinga, akiona kwamba miisho ya maneno ndiyo iliyotangulia na dhana ya ume na uke ikafuata. Na mwaka 1851, mjini Bonn, Wilhelm Bleek aliandika tasnifu juu ya jinsia za nomino katika lugha za kusini mwa Afrika, Kikhufti na za Kisemiti. Ndiye aliyekuja kuzipa lugha zetu jina la Kibantu. Aliona kwamba ngeli zetu na jinsia zao ni mambo ya ukoo mmoja: njia za kuyapanga majina na kuyafanya maneno mengine yayafuate.

Kwa mfasiri wa mashairi, hoja hizi si za chuoni tu. Heinrich Heine ana shairi fupi la mwaka 1823 ambamo msonobari wa kaskazini, umefunikwa na theluji, unaota juu ya mtende ulio peke yake kwenye jabali la moto la mashariki. Kwa Kijerumani msonobari huo ni *der*, mtende ni *die*. Sarufi yenyewe imekwisha kutuambia kwamba hawa ni mume na mke waliotenganishwa. Mrusi Lermontov alipolifasiri, msonobari wake ulikuwa wa kike, mapenzi yakageuka upweke mtupu.

Kwetu miti yote miwili ni ya M-MI. Kwa miezi kadhaa nilijaribu kumwita mmoja bwana na mwingine bibi, na kila mara ubeti ulilemaa. Mwisho niliiacha bila jinsia. Nilijikumbusha kwamba *mpenzi* wa Kiswahili hajulikani kuwa mume au mke, na washairi wetu wamemwimba hivyo karne nyingi bila ya msikilizaji kulalamika. Nilikipoteza alichokisema Heine kwa vijineno viwili. Sikupata cha kukilipa, na sitaki kudai kuwa nimepata.

Kila nikilirudia shairi hilo humkumbuka Salme. Katika kisa chake mtende haukubaki jabalini. Uliifuata theluji, na Salme alifariki Jena mwaka 1924. Kijerumani kina *der See*, yaani ziwa, na *die See*, yaani bahari: neno moja, na kijineno peke yake ndicho kinachotofautisha maji yaliyofungwa na yanayofika hadi Unguja. Hilo, naamini, hakulikosea. Wanafunzi wetu wanaohangaika leo na vijineno hivi wafundishwe kwamba walitanguliwa na binti wa Mtoni, aliyevijua kiasi cha kuandika kitabu.