Rumu ya Jamaika: harufu yenye historia

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza chupa ya rumu ya Jamaika, ile inayopikwa katika chungu cha shaba, anashituka. Inanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi, nanasi, zeituni, na pengine gundi. Wengi wanafikiri imeharibika. Kumbe harufu ile ndiyo yenyewe inayotafutwa. Ndugu wasomaji, tunataka kueleza hapa inatoka wapi, inaonjwa namna gani, na juu ya nini inatuhusu sisi watu wa Congo.

1. Ilizaliwa katika utumwa

Waingereza waliwanyang'anya Wahispania kisiwa cha Jamaika mwaka wa 1655. Wakapanda miwa, na kazi ikafanywa na Waafrika waliouzwa, wengine wao wakitoka katika inchi ya Wakongo. Sukari ikiisha kupikwa, inabaki melasi, ule uji mweusi mzito, pamoja na povu lililoenguliwa juu ya masufuria. Vyote hivyo vilivundikwa, vikapikwa tena, mvuke ukapozwa, rumu ikatoka.

Bryan Edwards, mwenye mashamba huko, alieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1793. Kitabu kiko na jina lake. Lakini mikono iliyochanganya, na pua iliyojua kama pipa liko tayari, zilikuwa za watumwa. Katika madaftari ya mashamba wanaandikwa karibu na ng'ombe, kila mmoja na bei yake.

2. Kazi ya vijidudu

Siri ya kwanza ni danda: maji machungu yanayobaki ndani ya chungu kisha kupika. Pengine yangetupwa, Jamaika wanayaweka, wanayarudisha katika mapipa ya kuvundikia. Siri ya pili ni kutokuwa na haraka. Katika kiwanda cha Hampden, jimbo la Trelawny, ambacho historia yake inaanza mwaka wa 1753, hawatii chachu ya kununua. Wanaachia ile inayoishi hewani na katika mbao kufanya kazi, wiki moja, mbili ao zaidi.

Wakati huo bakteria zinatengeneza asidi. Iko asidi moja inayonuka kama siagi iliyooza. Ikiungana na pombe, inageuka kuwa na harufu ya nanasi. Mwungano wa namna hiyo unaitwa esta. Rumu nyepesi za Jamaika ziko na gramu 80 hadi 150 za esta katika hektolita moja ya pombe safi; zile kali kabisa zinafika 1,500 hadi 1,600. Hizo hazikutengenezwa kwa kunywewa peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19, Ujerumani ilipopandisha ushuru, wachuuzi wa kule walitaka rumu nzito ambayo kidogo tu inatosha kutia harufu katika pombe nyingi isiyo na ladha. Vile vile watengenezaji wa keki na peremende waliitumia.

3. Kuonja na kuchanganya

Rumu nyeupe inayojulikana sana huko, Wray & Nephew, iko na nguvu ya asilimia 63. Basi usitumbukize pua ndani ya glasi. Ishike mbali, isogeze polepole. Onja tone moja, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Maji yanapunguza moto wa pombe, na matunda yanajitokeza moja moja.

Katika kuchanganya, mapokeo ya visiwa vile ni rahisi: sehemu moja ya ndimu, mbili za sukari, tatu za rumu, nne za maji ao barafu. Rumu isiyo na harufu inapotea katika ndimu na sukari. Hii ya Jamaika haipotei. Ndiyo sababu Victor Bergeron, mwenye mkahawa huko Oakland, Marekani, alipotunga kinywaji chake Mai Tai mwaka wa 1944, alichagua rumu ya Jamaika ya miaka 17. Ile yenye esta nyingi, kijiko kidogo kinatosha glasi nzima.

4. Malavu

Utumwa ulikomeshwa kabisa mwaka wa 1838. Kisha maelfu ya Waafrika wengine walipelekwa Jamaika kama vibarua, na kati yao Wakongo wengi. Katika jimbo la St Thomas wajukuu wao wanashika ibada ya Kumina, wakipiga ngoma na kumwaga rumu kwa ajili ya wazee waliokufa. Mwaka wa 1983, ndugu yetu Fu-Kiau Bunseki pamoja na Kenneth Bilby walitoa utafiti wao juu ya Kumina. Katika lugha ya ibada ile, kileo kinaitwa malavu. Ni neno letu la Kikongo la pombe ya mitende, lililovuka bahari na kuhamia katika rumu.

Mwaka wa 2016 Jamaika iliandikisha rumu yake kama mali yenye asili ya kisiwa, na kanuni zake zikaandikwa. Sisi je? Lutuku yetu ilikatazwa na wakoloni, na ufundi wake ukafanywa kwa kujificha. Hatuandiki haya ili vijana walewe. Ubaya wa ulevi tunauona kila siku mitaani. Tunasema tu kwamba mama anayejua mahindi yamevundika kiasi gani kwa kunusa pipa, yeye naye iko fundi. Vijana wetu waende kumuuliza angali hai, waandike maneno yake, na mbele ya maneno waandike jina lake.