Karafuu Chini ya Ulinzi

Sisi wa Pemba tumekua tukichambua makonyo na kuanika karafuu majamvini, tukijua mnunuzi halali ni mmoja. Asili yake ni 1937, serikali ya kikoloni ilipokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya ununuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma. Chama cha Congress huko India kikahimiza karafuu zetu zisusiwe, hadi serikali na wafanyabiashara hao wakaafikiana 1938. Mkulima, mwenye mali hasa, hakuulizwa sana.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, ununuzi ukawa wa Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC), na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo kikavizia mashua za kwenda Kenya. Nasema wazi: magendo yalizaliwa na bei. Ng'ambo walilipa zaidi.