Karata za supu na sura ya Congo

Kampuni Liebig ilianzishwa mwaka 1865 kwa kuuza supu nzito ya nyama ya ng'ombe, yenye kupikwa Fray Bentos, kule Uruguay. Tangu miaka ya 1870 ikaanza kugawa karata ndogo za rangi, mara mingi 6 kwa seti: mbele picha, nyuma tangazo. Mama ananunua supu, mtoto anakusanya karata. Ikikosa moja, wanarudi dukani. Njo ujanja wenyewe.

Congo belge nayo iliingia katika seti hizo. Kumbe mtoto wa Ubelgiji, bila kukanyaga kwetu, alitujua kupitia muuza supu! Picha ya bure inafundisha pia. Leo yetu anaichora nani?