Obote Alipokwenda Singapore

Upitapo Kampala Road, inua macho: baadhi ya majengo ya kale yangali na majina ya Kihindi ukutani. Kisha kumbuka Singapore.

Januari 1971 Rais Milton Obote alikwenda kisiwani humo kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, kupinga Uingereza kuiuzia silaha Afrika Kusini ya makaburu. Tarehe 22 viongozi walitoa tamko la kulaani ubaguzi wa rangi. Wenyeji wao waliujua uchungu huo: mwaka 1964 Wamalay na Wachina waliuana mitaani. Walipopata uhuru mwaka 1965, Kimalay, Kichina, Kitamil na Kiingereza zote zikawa lugha rasmi. (Sisi Kiswahili kimoja tu bado twakibishania!)

Tarehe 25, Obote angali safarini, Idi Amin alitwaa serikali. Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 waondoke, ingawa wengi walizaliwa papa hapa. Maduka yao yakagawiwa wanajeshi na wapambe wa utawala, na baada ya muda mfupi rafu nyingi zikabaki tupu. Miaka ya 1990 baadhi ya wenyewe walirejea kudai majengo yao.