Pori na Mji: Dhamira ya Ustaarabu na Ushenzi katika Bonde la Lambwe

1. Utangulizi

Wahakiki wengi wa fasihi ya Afrika wamezoea kuizungumzia dhamira ya ustaarabu na ushenzi kana kwamba ilizaliwa Ulaya, ikapakiwa melini pamoja na bunduki na Biblia, na kuteremshwa katika pwani zetu mwishoni mwa karne ya 19. Mazoea hayo hayakosi msingi. Riwaya mashuhuri ya Rider Haggard, iliyotoka Uingereza mwaka 1885, ilitiwa katika Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani (1929), ikawa miongoni mwa hadithi ndefu za mwanzo kusomwa shuleni kwa lugha hii. Miaka mitano baadaye James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa (1934), kitabu ambacho ndani yake Mwingereza ni mkombozi. Vitabu hivi viwili havifanani kwa asili wala kwa shabaha, lakini vyote vinachora mstari mmoja: upande huu nuru, upande ule giza, na anayevuka mstari huo ni yule aliyeshikwa mkono na mgeni kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, kuuona mgawanyo huo kuwa ni mali ya Ulaya peke yake ni kosa. Jamii za Afrika ya Mashariki zilikuwa na mipaka yao kati ya mtu na asiye mtu, kati ya mji na pori, na fasihi zao simulizi ziliihoji mipaka hiyo kwa ukali usiopungua ule wa waandishi wa karne ya 20. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kulitazama bonde la Lambwe na nchi inayolizunguka katika kaunti za Homa Bay na Migori, nchini Kenya. Lambwe inafaa kwa sababu ni mahali ambapo neno "pori" lina historia inayoweza kufuatwa, na kwa sababu masimulizi ya majirani zake yanatoa jibu lao wenyewe kwa swali la nani hasa ni mshenzi.

2. Maneno na mipaka yake

Yafaa kuanza na maneno. Neno la zamani la Waswahili la kutaja maisha bora ya mjini ni uungwana. Mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba, nyumba, adabu na dini. Katika karne ya 19, utawala wa Busaidi ulipokita mizizi Unguja, neno ustaarabu lilizidi kupata nguvu. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu au kufuata desturi za Waarabu. Kwa hiyo neno ambalo leo hutumika kwa maendeleo ya binadamu wote lilianza likiwa na anwani maalumu. Kinyume chake, mshenzi, alikuwa hasa mtu wa bara, asiye Mwislamu, asiyejua desturi za pwani. Misafara ya biashara ililichukua neno hilo hadi bara, na wakoloni walipofika walilikuta tayari, wakalitumia. Ni dhahiri basi kwamba Kiswahili chenyewe si shahidi asiye na upande katika kesi hii.

Kijaluo nacho kina mgawanyo wake. Thim ni pori, makao ya wanyama na ya hatari. Dala ni mji wa mtu, yaani boma lake pamoja na wake zake, watoto na mifugo. Asiyesema Kijaluo huitwa jamwa, na neno hilo halikosi dharau. Lakini kuna jambo moja la kuzingatia. Katika desturi ya Wajaluo thim na dala si nchi mbili zenye mpaka wa kudumu. Mwanamume anayeanzisha mji mpya huenda mahali palipo wazi pamoja na mkubwa wa ukoo, mkewe na mwanawe wa kwanza, wakichukua shoka, moto na jogoo. Na kwa tendo hilo pori linakuwa mji. Mji ukihamwa huitwa gunda: nyasi huota, vichaka hurudi, na pengine kizazi cha baadaye hulima au hujenga tena papo hapo. Pori na mji, kwa mtazamo huu, ni vipindi viwili vya ardhi ile ile. Desturi za namna hii hazikupotea kwa sababu wenyewe walizitia katika maandishi. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo chini ya serikali ya kikoloni, alichapisha kwa Kijaluo kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, wakati ambapo wengi waliosoma walifundishwa kuziona mila hizo kuwa ni za gizani.

3. Pori lililotengenezwa

Anayeingia Lambwe leo huona uwanda wa nyasi na migunga uliozungukwa na milima ya Gwassi, vilima vya Ruri na miinuko ya Kanyamwa. Sehemu yake yenye kilomita za mraba 120 ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya korongo, mnyama mkubwa wa jamii ya palahala, ambaye nchini Kenya amebaki hapo tu. Eneo hilo lilitengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1966, na likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Ni rahisi kudhani kwamba hapo ni mahali ambapo ustaarabu haujapata kufika.

Historia inakataa dhana hiyo. Kusini ya bonde, katika Migori, zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikikaribia kimo cha mita 4. Wataalamu wanakisia kwamba ujenzi wake ulianza karne ya 16, na kwamba waliokaa ndani yake kwa nyakati mbalimbali walikuwa watu wa lugha za Kibantu na baadaye za Kiniloti. Maboma ya namna hiyo katika nchi hiyo yamehesabiwa kuwa zaidi ya 500, katika sehemu zaidi ya 130. Mwaka 2018 Thimlich Ohinga iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Jina lenyewe ni fumbo fupi: thim ni pori, lich ni la kutisha, ohinga ni boma la mawe. Walioliita hivyo walikuta ukuta ndani ya kichaka, yaani mji uliokuwa umekwisha kurudi porini, na waliviweka vyote viwili katika jina moja.

Kwa nini nchi iliyojengwa hivyo ikajulikana kwa mbung'o na malale? Hapa hapana budi kukumbuka misiba iliyofuatana. Sotoka iliua ng'ombe na wanyama wa mwituni katika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kuanzia mwaka 1900 hivi malale yaliwaka kando ya Ziwa Viktoria. Katika Uganda peke yake yaliua watu zaidi ya 200,000 katika muda wa miaka michache, na hayakusimama mpakani. John Ford, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1971, na Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, walitoa hoja iliyopindua mawazo ya zamani. Walisema kwamba jamii za Afrika zilikuwa zimejifunza kuishi na mbung'o kwa kulima, kuchunga, kuchoma nyasi na kupanga makazi, hata mdudu huyo akabaki pembezoni. Magonjwa ya mifugo, vita vya kuitwaa nchi na amri za kuwahamisha watu vilivunja utaratibu huo. Watu walipopungua vichaka vilikua, na vichaka vilipokua mbung'o alifuata.

Hoja hiyo ni ya jumla, na wataalamu wamejadiliana juu ya uzito wake mahali mbalimbali. Lakini kwa msomaji wa fasihi ina maana kubwa. Pori ambalo utawala wa kikoloni ulidai umekuja kulifuga lilikuwa, kwa sehemu, limekua katika vurugu za kuja kwake. Wala ugonjwa haukuwa jambo la zamani tu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka tena Lambwe, na dawa ikanyunyizwa kwa ndege dhidi ya mbung'o. Wakazi wa bonde hilo walijua kwamba kati ya gunda na dala kuna kazi ya mikono isiyokoma.

4. Masimulizi ya ufuoni

Tukigeukia fasihi simulizi ya majirani wa Lambwe, tunakuta kisa cha Nyamgondho wuod Ombare, kinachohusishwa na Nyandiwa katika Gwassi. Kisa hiki kina namna nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini. Siku moja wavu wake ulimtoa ziwani bibi kizee mwenye jicho moja. Alitaka kumrudisha majini. Yule bibi akamsihi, naye akamchukua nyumbani. Baada ya hapo boma lake lilijaa ng'ombe. Alioa wake wengine, akawa mtu wa pombe na majivuno. Usiku mmoja alirudi amelewa, akachukizwa kwa kutofunguliwa upesi, akamtukana yule bibi kwa kumkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Bibi akaondoka bila kelele, mifugo yote ikamfuata hadi majini. Nyamgondho alibaki ameegemea fimbo yake akitazama, akageuka mti.

Kisa cha pili ni cha Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay, ambalo jina lake lina maana ya kijiji kilichozama. Bibi kizee alifika usiku wakati watu wakila na kunywa, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mama mmoja tu alimkaribisha. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama pamoja na karamu yake.

Visa hivi viwili vinapaswa kusomwa pamoja, kwa maana vinatoa hukumu moja. Katika vyote, anayetoka nje ya mji hana ukoo, hana uzuri wala mali, na sura yake inatia shaka. Kwa kipimo cha mstari ule wa Haggard, yeye ndiye angekuwa upande wa giza. Lakini masimulizi yanamweka yeye kuwa mizani. Nyamgondho ana kila alama ya dala iliyostawi: lango, wake, ng'ombe, pombe ya kukirimia. Watu wa Simbi wana karamu. Wanachokosa ni kuutambua utu wa mgeni, na kwa kosa hilo mji wao unarudi kuwa maji au mti. Kwa ufupi, mpaka wa ustaarabu katika masimulizi haya haupiti kwenye ua wa boma. Unapita mlangoni, pale mwenye nyumba anapoamua kufungua au kufunga.

Aidha, isisahauliwe kwamba Gwassi ni nchi ya Wasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao wengi wao walichukua Kijaluo kwa vizazi vilivyopita. Katika nchi ambamo jamwa wa jana ndiye msimulizi wa leo, kisa cha mgeni aliyetukanwa kwa asili yake hakiwezi kuwa hadithi ya watoto tu.

5. Riwaya za waandishi wa Nyanza

Mkondo huo haukukatika walipokuja waandishi wa riwaya. Katika The Promised Land (1966), Grace Ogot anawahamisha Ochola na Nyapol kutoka Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi bora. Mali inapatikana, lakini jirani aliyepuuzwa anageuka adui, na maradhi ya Ochola yanazishinda dawa za hospitali. Wepesi wa uhakiki ungekuwa kusema kwamba mwandishi anautetea uganga dhidi ya sayansi. Kwa kweli swali la Ogot liko karibu na la Nyamgondho: mtu anayejenga mji wake ugenini ana deni gani kwa aliowakuta?

Margaret Ogola alilipeleka swali mbele zaidi katika The River and the Source (1994). Akoko, mjane aliyedhulumiwa na shemeji yake, anasafiri hadi kwa mtawala wa kikoloni kudai haki, na anaipata. Binti yake anaingia Ukristo. Hapa mwandishi anakataa mstari wa nuru na giza katika pande zake zote mbili: haukubali ule wa wamisionari, wala haugeuzi tu juu chini, kwa kumfanya kila mwenyeji kuwa mwema na kila mgeni kuwa mwovu. Mdhalimu ni wa ukoo; msaada unatoka kwa mgeni; na nguvu ya kuutafuta ni ya Akoko mwenyewe, aliyelelewa katika desturi zilizompa heshima yake.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba dhamira ya ustaarabu na ushenzi katika nchi ya Lambwe ina mizizi miwili. Mmoja ni wa kuletwa, nao huuweka ushenzi mahali: porini, bara, gizani. Wa pili ni wa wenyeji, nao huuweka ushenzi katika tendo. Historia ya bonde inaunga mkono mzizi wa pili, kwani pori lake limekuwa likija na kuondoka kufuatana na yale watu waliyotenda au waliyotendewa.

Jambo hili linamgusa mwalimu wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Masimulizi ya Nyanza yanazidi kutafsiriwa na kufundishwa kwa lugha hii, na mfasiri hawezi kukwepa kuchagua. Akiandika kwamba bibi wa ziwani alitoka "katika nchi ya washenzi", atakuwa amekitia kisa mdomoni mwa Haggard. Akisema kwamba Nyamgondho alikosa "ustaarabu", wasomaji wataelewa, lakini watakuwa wamepewa neno lililozaliwa katika kuigana, wakati kosa la Nyamgondho halikuwa kushindwa kumwiga mtu yeyote. Pengine neno uungwana, likivuliwa ubaguzi wake wa nasaba, lingefaa zaidi. Pengine utu unatosha. Uchaguzi huo si wa kamusi peke yake. Ndio utakaoamua kama mwanafunzi atakapofika Lambwe ataona nyika tupu, au ataona gunda, mahali ambapo watu walikwisha kujenga.