Mkupuo, si mlipuko

Miongozo ya makocha inaendelea kutuletea "nguvu ya mlipuko", nami siwezi tena kunyamaza. Istilahi hiyo imekusudiwa kutaja nguvu anayoitoa mchezaji yote kwa sekunde chache. Ni tafsiri ya neno kwa neno, na walioipitisha hawakujiuliza Mswahili akisikia mlipuko anawaza nini. Anawaza bomu, au kipindupindu. Tena fundi aliyelipua kazi ni fundi aliyeiharibu kwa haraka. Hilo ndilo shina tunalotaka kumsifia mwanamichezo?

Neno tunalo: mkupuo. Kukupua ni kukung'uta kitu mpaka kilichomo kitoke chote. Kama kufungua kulivyozaa mfunguo, na kufuma kukazaa mfumo, ndivyo kukupua kulivyozaa mkupuo: tendo la kutoa vyote kwa mara moja bila kubakiza. Nilipolipendekeza, wajumbe wa kamati moja walinijibu kuwa ni neno la vilabuni, la watu wanaomaliza kata ya pombe kwa pumzi moja. Jibu hilo liliniuma, kwa sababu si la watu wanaosikiliza lugha. Kila mstaafu wa Tanzania anajua malipo ya mkupuo ni nini. Mjadala mzima wa kikokotoo cha pensheni, hadi kiwango cha asilimia 33 cha Julai 2022, ulikuwa mjadala wa mkupuo. Neno lililobeba jasho la miaka thelathini ya mwalimu haliwezi kushindwa kubeba jasho la mchezaji.

Mwenzi wake ni pumzi, siyo "ustahimilivu" unaopendwa na wapinzani wangu. Kustahimili ni kuvumilia dhiki. Hata mgonjwa kitandani hustahimili. Pumzi ni ndugu wa kupumua na kupumzika, nayo hutaja uwezo wa kuendelea na kazi pale mwili unapodai kupumzika.

Jozi hii hutenganisha barabara raga na futiboli ya Marekani. Mchezo wa Wamarekani una dakika 60 za saa ya uwanjani, lakini mpira wenyewe huchezwa kama dakika 11 tu. Tukio moja huisha kwa sekunde chache, kisha saa ya sekunde 40 huhesabu kabla ya lingine. Washambuliaji na walinzi hupokezana, na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo. Ndiyo maana mtu wa kilo 140 hupata kazi pale: anadaiwa mkupuo. Raga ina dakika 80, na watu wale wale 15 hushambulia, hukaba, huanguka na kuinuka tena, wakiwa na wachezaji wa akiba wanane tu. Humo mkupuo hudaiwa juu ya pumzi iliyokwisha kutumika.

Daniel Adongo wa Kenya aliishi tofauti hiyo mwilini mwake. Alikuwa mchezaji wa raga aliyezunguka Afrika Kusini na New Zealand, kisha mwaka 2013 akasajiliwa na Indianapolis Colts, timu ya ligi kuu ya futiboli ya Marekani, bila kuwahi kucheza mchezo huo. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani, Mkenya wa kwanza katika ligi ile. Mwili uliolelewa kwa pumzi ulitakiwa kujifunza kujimwaga wote, kusimama, kisha kujimwaga tena.

Huku kwetu watu hawangoji kamati ili kuijua tofauti hiyo. Mmatengo anayechimba ngoro kwenye miteremko ya Mbinga hufyeka nyasi, huzilaza kwa miraba, huchota udongo wa katikati na kuzifukia, shimo baada ya shimo, tangu asubuhi. Hiyo ni pumzi. Teremka hadi Mbamba Bay uwatazame wavuvi wakipandisha mtumbwi mchangani: wanashika kingo, wanatulia, mmoja anaita, mtumbwi unasogea hatua mbili, wanatulia tena. Huo ni mkupuo, na aliye na macho hahitaji ufafanuzi zaidi.

Kwa matumizi: mkupuo, mikupuo; mazoezi ya mkupuo; mchezaji wa mkupuo; pumzi ya mechi. Walimu wa michezo waanze kuyatumia kesho, na "mlipuko" urudishwe kwa wataalamu wa mabomu na maofisa wa afya, wanaouhitaji kweli.