Nauli Moja, Wenye Magari Wengi: Mumbuni na Barabara ya Nairobi

Reli ya Uganda iliupita mbali mji wa Machakos, uliokuwa kituo cha Waingereza tangu 1889, na ilipofika Nairobi mwaka wa 1899 biashara na utawala viliifuata. Ndiyo maana wakazi wa Mumbuni, viungani mwa Machakos, wakawa watu wa barabara ya kwenda Nairobi. Katika barabara hiyo ya takriban kilomita 60 magari ya wamiliki mbalimbali huwania abiria mmoja, lakini nauli wanayomtajia huwa ni ile ile.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Matatu, yaani magari haya ya abiria, zilianza kwa nauli moja inayojulikana na wote, senti thelathini, na hata pale Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu mwaka wa 1973 kubeba abiria bila leseni zilizohitajika kwa mabasi, ushindani uliozuka ulikuwa zaidi wa mwendo wa kasi na wa kujaza watu kupita kiasi kuliko wa bei. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliweka vidhibiti mwendo na kuwabana wenye magari kwenye idadi ya viti, hivyo matatu ya abiria 14 ikawa na mapato ya safari yanayoweza kuhesabiwa kabla ya kuondoka. Kisha kanuni za 2014 zikamtaka kila mmiliki awe ndani ya chama cha ushirika au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na uamuzi wa nauli ukatoka mikononi mwa kondakta ukaingia ofisini.

Hata hivyo, chama peke yake hakielezi kwa nini vyama viwili hutoza sawa. Stejini gari lililo mbele ya foleni hujaa kwanza, na makanga hutangaza bei kwa sauti inayosikika hadi kwa mpinzani wake. Akipunguza shilingi hamsini, mwenzake hupunguza papo hapo, na wote wawili huondoka na abiria wale wale kwa pesa pungufu. Kwa kuwa hasara hiyo inaonekana mapema, hakuna anayeianzisha.

Mashirika ya ndege yamepita njia hiyo hiyo. Kwa miongo kadhaa baada ya IATA, chama chao cha kimataifa, kuundwa mwaka wa 1945, nauli nyingi za kimataifa zilikubaliwa katika mikutano yake na kuidhinishwa na serikali. Baadaye bei ziliwekwa katika mfumo wa kompyuta ambao kila shirika liliweza kuusoma, na mwaka wa 1992 serikali ya Marekani iliyashtaki mashirika makubwa ikidai kwamba yalitumia matangazo ya nauli za siku zijazo kupeana ishara. Shauri hilo lilimalizwa kwa maafikiano yaliyozuia mbinu hizo.

Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inakataza washindani kukubaliana bei, lakini haimkatazi mtu kumtazama jirani na kumfuata. Tofauti hiyo ni ya haki kisheria, ila haimpunguzii mzigo mama wa Mumbuni anayepeleka watoto shuleni muhula unapofunguliwa, nauli zikiwa zimepanda zote kwa siku moja. Swali zito ni kwa nini nauli hizo hupanda pamoja kwa haraka mafuta yanapopanda, na hukawia pamoja mafuta yanaposhuka; ni hapo, kuliko kwenye usawa wenyewe wa bei, ndipo mdhibiti anapopaswa kuelekeza macho.